Safu ya Lugha: Kukashifu na kukosoa

Januari 2021 ubalozi wa Marekani, ulioko Nsambya, Kampala, ulifuta mpango wa kuangalia uchaguzi wa Uganda, ukisema zaidi ya asilimia 75 ya maombi yake ya vibali yamekataliwa. Kauli kama hiyo wazalendo huiita “kukashifu nchi”. Sivyo. Kashifu limetoka Kiarabu, lenye asili ya kufunua. Kwetu limekuwa kumvunjia mtu heshima kwa kumtangazia aibu. Kukosoa ni kuonyesha kosa, nalo kosa huhakikiwa: vibali vilitolewa au vilinyimwa. Mtasema Wamarekani nao, wiki moja kabla, walivamiwa bunge lao na wafuasi wa rais wao. Kweli kabisa, lakini hilo haliongezi hata kibali kimoja. Anayetudhalilisha ametukashifu, ubalozi ulitukosoa, na mkosoaji hujibiwa kwa takwimu.