Kibali Kisichosikika Sawasawa

Kanuni za mazungumzo ya redio kati ya rubani na mwongoza ndege zimepatikana kwa gharama kubwa. Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways iliyokuwa ikikaribia Nairobi iliruhusiwa kushuka hadi futi 7500. Marubani wakaelewa 5000. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5300 juu ya usawa wa bahari. Walipotoka mawinguni walikuta ardhi haifiki futi 100 chini yao, wakapaa upya na kunusurika.

Abiria wengi wa Tenerife hawakunusurika. Tarehe 27 Machi 1977, bomu lililolipuka katika uwanja wa Gran Canaria lilisababisha ndege nyingi kuelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo wa Tenerife wenye njia moja ya kurukia. Ukungu ulitanda, na mnara haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini. Ndege ya KLM ilisimama mwisho wa njia, huku ya Pan Am ikitembea juu ya njia hiyohiyo. Mnara uliisomea KLM maelekezo ya safari baada ya kupaa, ambayo hayakuwa kibali cha kuruka. Rubani msaidizi aliyarudia, akamalizia kwa maneno yaliyoweza kumaanisha kwamba wako tayari kuruka au wameshaanza. Mnara ukajibu “sawa”, kisha ukaagiza wasubiri. Papo hapo Pan Am nayo ikaita kusema bado iko njiani. Sauti hizo zikagongana, na KLM ikasikia mluzi. Mhandisi wake aliuliza kama Pan Am imeshatoka. Swali hilo lingetosha kuokoa watu 583, lakini nahodha alijibu kwamba imetoka, akaendelea kuongeza kasi, na ndege hizo mbili zikagongana.

Baada ya hapo neno la kuruka liliwekewa mipaka: hutamkwa tu kibali kinapotolewa au kufutwa, na rubani hulazimika kukirudia kibali chote.

Hata hivyo, mwaka 1990 ndege ya Avianca iliishiwa mafuta karibu na New York, watu 73 wakafa. Marubani walikuwa wameomba kipaumbele bila kutangaza hali ya hatari, na waongoza ndege hawakutambua uzito wa ombi hilo.

Tangu Machi 2008, rubani na mwongoza ndege wa safari za kimataifa wanatakiwa kufikia angalau daraja la 4 kati ya 6 katika Kiingereza cha redio, na mwenye daraja hilo hupimwa upya.