Nguvu na Hatamu: Safari ya Supachaja kutoka Mguu wa Dereva hadi Kompyuta

Injini ya petroli hainyimwi mafuta, hunyimwa hewa. Kuongeza petroli ni kazi ndogo: fundi hubadilisha kabureta au pampu, mambo yakaisha. Hewa haiji kwa kuitwa. Pistoni ikishuka, hewa ya nje huingia kwa mgandamizo wake wa kawaida, na silinda hujaa kadiri ilivyojaliwa. Supachaja huondoa unyonge huo. Ni pampu inayozungushwa na injini yenyewe, kwa mkanda au kwa gia, ikishindilia hewa ndani ili silinda ndogo ichome mafuta ya silinda kubwa.

Faida hiyo ilikuja na gharama zake tangu mwanzo. Pampu hula sehemu ya nguvu inayoizalisha. Hewa ikishindiliwa hupata moto, na mchanganyiko ukizidi joto huwaka kabla ya wakati wake. Injini huanza kugonga, na mwisho pistoni hutoboka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya historia ya supachaja ni historia ya hatamu: nani aifungulie nguvu hiyo, lini, na kwa kiasi gani.

Mguu

Pampu ilitangulia gari. Mwaka 1860 ndugu wawili wa Connersville, Indiana, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu yenye rota mbili zinazopishana ndani ya kasha moja. Ilipata kazi kwenye tanuri za chuma, ikichukua nafasi ya mivukuto. Gottlieb Daimler alikuwa na hataza ya kusukumia injini hewa mapema mwaka 1885, ila wazo lilikuja kushika kasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndege zilipopanda juu, hewa ilipungua na injini zikaishiwa pumzi. Wahandisi wakatafuta dawa kwenye kompresa, yaani supachaja. Vita vilipokwisha ujuzi huo ulishuka barabarani, na mwaka 1921, katika maonyesho ya magari ya Berlin, Mercedes ilionyesha magari yenye kompresa.

Hatamu yao ilikuwa pedali ya mafuta. Kompresa haikuzunguka muda wote. Ilikuwa na klachi yake, iliyounganishwa na pedali hiyo. Dereva akikanyaga kama kawaida, injini ilivuta hewa yenyewe. Akikanyaga hadi mwisho, klachi ilishika, rota zikazunguka, na mlio mkali ukasikika mbali. Akiinua mguu, mlio ulikatika. Nguvu hiyo ilikuwa ya kupita gari jingine au kumaliza mlima, si ya kutembelea siku nzima. Hata jina la gari lilieleza hesabu hiyo: Mercedes-Benz S ya 1927, iliyotengenezwa chini ya Ferdinand Porsche, iliitwa 26/120/180, yaani nguvu za farasi 26 za kukadiria kodi, 120 bila kompresa, na 180 kompresa ikishika.

Uingereza walienda njia nyingine. Kwenye Bentley ya lita 4.5, supachaja ya Amherst Villiers ilifungwa mbele ya rejeta, kwenye ncha ya krankshafti, ikizunguka kila injini ilipozunguka. Aliyeipigania ni dereva Sir Henry Birkin, akisaidiwa na fedha za Dorothy Paget. W. O. Bentley mwenyewe hakuitaka; kwake, anayetaka nguvu aongeze ukubwa wa injini. Juni 1930, Le Mans, Birkin alimfukuza Rudolf Caracciola aliyekuwa kwenye Mercedes SSK, akampita tairi lake likichanika na magurudumu yakikanyaga majani ya kando. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: Bentley zenye supachaja hazikumaliza, na Mercedes nayo ikajitoa. Ushindi ukaenda kwa Bentley Speed Six ya lita 6.5, isiyo na supachaja, ya Woolf Barnato na Glen Kidston.

Somo hilo lilirudi baada ya Vita vya Pili. Alfa Romeo 158 na 159, zenye injini ya lita 1.5 tu na supachaja ya hatua mbili, zilimpa Giuseppe Farina ubingwa wa dunia wa 1950 na Juan Manuel Fangio wa 1951. Gari la 159 lilitoa zaidi ya farasi 400, likitumia methanoli, ambayo hupoza mchanganyiko inapogeuka mvuke. Lakini lilibugia zaidi ya lita moja na nusu kwa kila kilomita. Julai 1951, Silverstone, José Froilán González aliwabwaga Alfa kwa Ferrari ya lita 4.5 inayovuta hewa yenyewe na yenye kiu ndogo.

Puli

Marekani hatamu ilihamia gereji. Injini za dizeli za General Motors za mfululizo wa 71, zilizofungwa kwenye malori na mabasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, zilikuwa za mipigo miwili, kwa hiyo zilihitaji pampu ya Roots kufukuza moshi na kuingiza hewa safi. Vijana wa mbio walizichukua pampu hizo na kuzifunga juu ya injini za petroli za V8. Kipimo chao kilikuwa puli. Puli ya krankshafti ikiwa na upana mara mbili ya ile ya supachaja, rota huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa injini. Weka puli ndogo zaidi juu, hewa inaongezeka, na joto pia. Kwa hiyo fundi alichelewesha cheche kidogo, akaongeza mafuta, akajaribu tena. Uamuzi ulipita kabla ya bendera kushuka.

Vali

Miaka ya 1980 mashindano ya rali yalikumbatia tabo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Ina nguvu nyingi, ila dereva hukanyaga kisha husubiri. Abarth, kwa ajili ya Lancia, walichagua supachaja inayoitika papo hapo, na Lancia 037 ikatwaa ubingwa wa watengenezaji wa 1983 mbele ya Audi Quattro. Kwenye Safari Rally ya 1986 nchini Kenya, Markku Alén aliiendesha hadi nafasi ya tatu, nyuma ya Toyota Celica mbili zenye tabo. Rali ile ilijua thamani ya hewa: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko wa Mombasa.

Lancia Delta S4 ilibeba vyote viwili: supachaja kwa mwendo wa chini, tabo kwa mwendo wa juu, vali zikipokezana kazi kati yake. Ilishinda mashindano yake ya kwanza, RAC Rally ya 1985, mikononi mwa Henri Toivonen. Mei 1986, huko Corsica, Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walifia ndani ya gari hilo, na magari ya Group B, kundi la rali lililokuwa na gari hilo, yakapigwa marufuku kuanzia mwaka uliofuata.

Programu

Mwaka huo huo wa 1986 Toyota ilileta injini ya 4A-GZE ya lita 1.6. Supachaja yake ilikuwa na klachi ya sumaku-umeme, na kompyuta ndiyo iliyoamua ishike lini. Ni wazo la Mercedes la 1921, mguu ukiwa umeondolewa. Mercedes wenyewe walilirudia neno Kompressor katika miaka ya 1990, na leo linasomeka kwenye buti la C 200 nyingi zinazopita Nairobi na Dar es Salaam. Supachaja nyingi za sasa hazina klachi kabisa: gari likienda taratibu, vali hufunguka na hewa ikazungushwa bila kushindiliwa. Dodge Challenger Hellcat ya 2015, yenye farasi 707, ilitolewa na funguo mbili: mwekundu wa nguvu zote, mweusi wa farasi 500 tu.

Puli ndogo bado inauzwa, na bado huongeza nguvu. Lakini anayeifunga bila kuandika upya programu ya mafuta na cheche ameongeza hewa na joto huku kompyuta ikipiga hesabu za puli ya zamani. Kazi ya miaka mia moja imekuwa kuweka vitu hivyo mkononi mwa mpimaji mmoja. Anayevitenganisha anunue pistoni za akiba.