Kasa na Mchanga wa Diani

Mwanafunzi wangu mmoja wa ualimu, mzaliwa wa Bongwe katika Kwale, aliniuliza siku moja kama mnyama aweza kuwa na historia. Alidhani historia ni mali ya wafalme, vita na mikataba. Swali lake lilinipendeza, kwa kuwa Bongwe haiko mbali na ufuo wa Diani, na katika ufuo huo hupanda mnyama ambaye habari zake ziliandikwa kabla ya habari za miji yetu mingi ya pwani. Mnyama huyo ni kasa.

Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, Myunani mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kitabu cha kuongoza wafanya biashara katika bahari zetu. Kitabu hicho huitwa Periplus. Kinataja soko lililoitwa Rhapta, ambalo wanachuoni wengi huliweka katika pwani ya Tanzania ya leo, na bidhaa zilizotoka huko: pembe za ndovu, vipusa vya faru na magamba ya kasa. Magamba hayo, asema mwandishi, yalitakiwa sana, nayo yalipitwa na yale ya Bara Hindi tu. Asema pia kuwa katika kisiwa cha Menouthias watu walitega kwa vikapu vya kusukwa, wakivifunga penye milango ya maji. Msomaji, mvuvi wa Msambweni anayeshuka pwani na dema lake leo hangeona jambo geni katika maneno hayo, ingawa yamepita miaka karibu elfu mbili.

Gamba lililotafutwa zaidi lilikuwa la ng'amba, kwa kuwa likipashwa moto hulainika na kukunjika apendavyo fundi, kisha likisuguliwa hung'aa. Vitana, visanduku na mapambo ya matajiri wa nchi za mbali yalitengenezwa kwalo. Wavuvi wa pwani hii walikuwa na hila ya ajabu ya kumpata. Walimfunga kamba mkiani samaki aitwaye chazo, ambaye ana kibandiko kichwani, wakamwachilia karibu na kasa. Chazo alijibandika juu ya gamba asiachie, na mvuvi akavuta kamba polepole mpaka windo likafika ubavuni mwa chombo. Frederic Holmwood, Mwingereza aliyefanya kazi katika ubalozi wa nchi yake huko Unguja, aliiandikia jumuiya ya wataalamu wa London habari za uvuvi huo mwaka 1884. Nadhani wasomaji wake walimstaajabia samaki kuliko mtu aliyemfundisha kazi.

Biashara hiyo iliendelea hata zama zetu. Mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini ulitiwa sahihi Washington mwaka 1973, na Kenya ikajiunga nao mwaka 1978. Japani, mnunuzi mkubwa wa magamba ya ng'amba, ilikoma kuyaingiza mwishoni mwa 1992. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 nayo imewaweka kasa katika orodha ya viumbe wanaolindwa. Nyama na mafuta yake bado huuzwa kwa siri, na nyavu humnasa hata pasipo kukusudia, lakini soko kubwa la kale limefungwa.

Wengi huikomesha habari hapa. Mimi sikubali, maana sheria hizo zililinda mwili wa kasa, hazikulinda mchanga wake.

Yafaa ujue, msomaji, kwamba kasa jike hatagi popote. Hurudi katika pwani za upande ule alikozaliwa, akiongozwa, kwa maoni ya wataalamu, na nguvu ya sumaku ya dunia aliyoitambua tangu utotoni. Wala harudi upesi, kwa kuwa kasa wa kawaida aweza kuchukua miaka ishirini na mitano, pengine hamsini, kabla ya kutaga. Basi mama anayepanda Diani usiku wa leo huenda alitoka yaini miaka ya 1970, wakati hoteli kubwa zilipokuwa zikianza kuongezeka mbele ya miti. Anakuja kuutafuta ufuo wa zamani. Huenda akakuta taa zinazomrudisha majini, au ukuta wa mawe usiopandika.

Ukuta huo una madhara mengine. Bahari inapopanda, kwa sababu dunia inapata joto na barafu ya nchi za baridi inayeyuka, ufuo ulio huru husogea kuelekea bara pamoja na mchanga wake. Penye ukuta hauna pa kwenda, na mawimbi huula kutoka mbele mpaka maji yagonge jiwe. Mayai yaliyofukiwa hapo hufikiwa na bamvua.

Tena kuna joto lenyewe. Yai la kasa halina jinsia siku linapotagwa. Mchanga ndio huamua. Ukiwa na joto la nyuzi ishirini na tisa hivi, hutoka majike na madume, ukizidi, majike huwa wengi, ukipungua, madume. Huko Australia, wataalamu walitangaza mwaka 2018 kwamba miongoni mwa kasa wachanga wa upande wa kaskazini wa Mwamba Mkuu, zaidi ya tisini na tisa kwa mia walikuwa majike. Kundi la namna hiyo laweza kuonekana lenye neema kwa miaka mingi, maana majike hupanda pwani na kutaga, hata madume wazee watakapokwisha.

Katika Diani wako walinzi wanaopita ufuoni usiku na alfajiri. Wakikuta mayai yaliyo chini ya mstari wa maji makuu, huyahamisha kabla ya saa nyingi kupita, pasipo kuyageuza, wakachimba shimo la kina kile kile mahali palipoinuka. Kisha huhesabu siku kwa muda wa miezi miwili hivi. Mwanafunzi wangu alitaka kujua wanayapeleka mahali gani. Nilimjibu kuwa ni juu zaidi, chini ya miti, palipobaki miti.