Ng'ombe Waliotafuna Mifupa

Jina la shamba la Armoedsvlakte, karibu na mji wa Vryburg nchini Afrika Kusini, maana yake ni uwanda wa umaskini. Nyasi hazikukosekana. Ila ng'ombe walioshiba nyasi hizo walionekana wakitafuna mifupa mikavu, na wengi wao baadaye walilegea miguu, wakashindwa kumeza, wakafa. Makaburu waliuita ugonjwa huo lamsiekte, yaani ugonjwa wa kupooza.

Tabia hiyo ilikuwa ya zamani. Msafiri Mfaransa François Levaillant aliiona katika karne ya 18, na karibu miaka mia baadaye Duncan Hutcheon, daktari wa mifugo wa serikali ya Cape, akashauri ng'ombe wapewe unga wa mifupa. Hata hivyo, wengi waliendelea kusaka mmea wenye sumu.

Fumbo lilifumbuliwa na Arnold Theiler, Mswisi aliyeanzisha maabara ya Onderstepoort mwaka 1908. Kufikia mwaka 1920 yeye na wenzake walikuwa wameunganisha vipande vyote. Udongo wa huko una fosforasi kidogo, na nyasi zake vilevile, hasa wakati wa kiangazi. Ng'ombe mwenye upungufu huo hushikwa na uchu wa mifupa, hana simile. Mfupa safi haumdhuru. Unaoua ni ule wenye mabaki ya mzoga uliooza, ambamo bakteria wametengeneza sumu ya botulizimu.

Mizoga ndiyo iliyowatisha wafugaji. Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa kwa ng'ombe waliobaki hai.

Fosforasi inapopungua, hamu ya kula nyasi hupungua. Ndama aliyeachishwa ziwa hudumaa, mifupa yake ikawa dhaifu. Mtamba huchelewa kupata joto, kwa sababu mwili usiokua hauna haraka ya kubeba mimba. Anayefanikiwa kuzaa hukamuliwa madini na ndama wake kupitia maziwa, kisha hukaa muda mrefu bila kupandika. Mfugaji asiyeweka kumbukumbu angelaumu dume.

Katika majaribio ya miaka ya 1920 hapo Armoedsvlakte, kundi moja lilipewa unga wa mifupa na jingine likaachiwa malisho matupu. Waliopewa unga walizaa kwa asilimia 80. Wasiopewa, asilimia 51. Malisho yalikuwa yale yale! Ndama wa kundi la kwanza walikua upesi na kuwa wazito zaidi. Hutcheon, aliyekuwa amekwisha kufa, alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa.

Kenya nayo ilikuwa na kisa kinachofanana na hiki. Kandokando ya Nakuru ng'ombe walikonda huku wamezungukwa na majani, na maradhi hayo yakapewa jina la mji wenyewe. Huko kilichokosekana ni kobalti, ambayo vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huihitaji kutengeneza vitamini B12.

Dawa hiyo ya unga wa mifupa haikudumu katika kila nchi. Kichaa cha ng'ombe kilipozuka Uingereza katika miaka ya 1980, vyakula vilivyotokana na masalia ya wanyama vilishukiwa kukieneza, na nchi nyingi zikapiga marufuku kulisha ng'ombe unga huo. Siku hizi fosforasi ya kwenye mawe ya kulamba hutoka zaidi kwenye miamba inayochimbwa ardhini.