Uzi Kwenye Mkunjo: Historia ya Ujalidi wa Vitabu Nyeri

Mwaka 1933 misheni ya Wakonsolata ya Nyeri ilitoa kitabu cha Padri Cagnolo kuhusu mila, desturi na ngano za Agikuyu. Waliokisoma wamebishana nacho tangu wakati huo, na wana haki, kwa sababu mengi yaliyomo yanawatazama watu wetu kwa jicho la mgeni aliyekuja kufundisha. Hata hivyo ukurasa wake wa mwanzo una jambo ambalo wabishi wengi hulipita bila kulitazama. Unaeleza kwamba kitabu kilichapwa na Agikuyu wenyewe katika Shule ya Uchapaji ya Misheni, Nyeri. Majina yao hayakuandikwa. Ni wao waliopanga herufi za risasi mojamoja, wakapiga chapa, na karatasi zilipokauka ilibidi mtu azikunje, azikusanye kwa utaratibu na kuzifunga pamoja, kwa maana karatasi hazitoki mashineni zikiwa kitabu. Historia hii ni ya kazi hiyo ya mwisho, ambayo haionekani mpaka siku inapoharibika.

Wakonsolata wa kwanza, mapadri wawili na mabruda wawili Wakatoliki kutoka Turin, Italia, walifika Tuthu kwa chifu Karuri wa Gakure mwezi Juni 1902. Kutoka huko walitawanyika kwenye matuta ya Murang'a na Nyeri. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vikiendelea na vijana wetu wakichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, misheni ya Nyeri ilianza kutoa jarida la Kigikuyu, Wathiomo Mukinyu. Jarida haliwezi kusubiri meli kutoka Ulaya. Lilihitaji mashine hapa hapa, na mashine ilihitaji watu wenye mikono iliyofunzwa.

Ilihitaji pia wasomaji. Upande wetu wa Mukurwe-ini wasomaji hao walifunzwa Gikondi, jirani na Gakindu, ambako Sista Irene Stefani aliishi kuanzia 1920 hadi alipofariki mwaka 1930, akifundisha watu kusoma na kuwaandikia barua wale ambao hawakujua kalamu. Alitangazwa Mwenye Heri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na umati uliofika siku hiyo ulimkumbuka zaidi kwa huruma yake. Mimi humkumbuka pia kwa katekisimu na vitabu vya kusomea. Kitabu cha mafundisho kijijini hakisomwi na mtu mmoja. Hupita mikononi mwa darasa zima, huingizwa kwenye mfuko pamoja na viazi, hunyeshewa, hukaushwa karibu na moto wa kuni, kisha kesho yake hufunguliwa tena ukurasa uleule. Kinachodumu katika maisha ya namna hiyo kimefungwa na mtu aliyejua kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16. Hilo tuliite fungu. Kitabu cha kurasa 320 ni mafungu 20 yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mjalidi hutoboa kila fungu kwenye mkunjo wake, matundu matano au sita, kisha hupitisha uzi wa kitani uliopakwa nta: sindano inaingia ndani ya mkunjo, inatoka nje, inauzunguka utepe wa pamba uliosimamishwa mgongoni, inarudi ndani. Akifika mwisho wa fungu hulifunga kwa fundo kwenye fungu lililo chini yake, kisha hupanda kwa linalofuata. Akimaliza, kila karatasi imeshikwa na uzi katikati yake, kwa sababu kila karatasi ni nusu ya kipande kilichokunjwa, na huwezi kuing'oa bila kupasua karatasi yenyewe. Gundi inakuja baadaye, nyembamba, ya kuyashikamanisha mafungu tu. Juu ya gundi huwekwa shashi, na ni ile shashi na zile tepe, si gundi, zinazokifunga kitabu kwenye jalada.

Kitabu kilichoshonwa hivi hufunguka kikalala. Mkunjo wa kila fungu ni bawaba, na uzi unaruhusu bawaba hiyo igeuke mpaka mwisho. Misheni ilikuwa na sababu yake ya kulijali jambo hilo. Kitabu cha misa hukaa wazi juu ya altare wakati padri ameinua mikono, na kikijifunga chenyewe katikati ya sala, ibada imekatika. Vivyo hivyo kitabu cha nyimbo mkononi mwa mwimbaji, na kitabu cha ubatizo ambamo karani huandika jina la mtoto akiwa na kalamu mkono mmoja na chupa ya wino mkono wa pili. Hao wote wanataka kitabu kinachotii.

Kuna siri nyingine ambayo wajalidi wazuri huilinda kuliko uzi, nayo ni uelekeo wa nyuzinyuzi za karatasi. Karatasi ikitengenezwa kiwandani, nyuzinyuzi zake nyingi hulala upande mmoja. Zikienda sambamba na mgongo wa kitabu, kurasa hulala kwa urahisi. Zikikatiza mgongo, kurasa hukakamaa, na unyevu ukiingia huvimba na kufanya mawimbi karibu na mshono. Kujua ni rahisi: lowesha kipande kidogo upande mmoja. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo huonyesha nyuzinyuzi zinakoelekea. Nyeri, kwenye ukungu wa Julai na mvua za Aprili, kosa hilo huonekana mapema.

Mgongo nao una lake. Wajalidi wa madaftari makubwa ya hesabu huko London walihangaika na swali hilohilo, na mwaka 1799 John na Joseph Williams walipata hataza ya mgongo wa chemchemi, mgongo mgumu uliopinda ambao ukifungua daftari huzisukuma kurasa juu zikalala sawasawa. Leja za namna hiyo zilienea ofisini katika nchi zote zilizotawaliwa na Waingereza. Hapa kwetu kahawa ilienea kwa wakulima wadogo baada ya mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Mpango wa Swynnerton wa 1954, na kiwanda cha kahawa hakiendi bila daftari la wanachama: namba, jina, kilo, tarehe. Karani aliyeandika kilo za foleni nzima jioni ya Novemba alihitaji leja inayolala hadi ukingoni, kwa sababu tarakimu iliyoandikwa kwenye ukurasa uliopinda husomwa vibaya, na tarakimu iliyosomwa vibaya ni pesa ya mtu. Katika vitabu vya kawaida kazi hiyo ya kulaza kurasa hufanywa na mrija wa karatasi uliobandikwa kati ya mgongo wa mafungu na mgongo wa jalada. Ukifungua, mgongo wa ndani unapinda huku wa nje ukibaki umesimama.

Upande wa Mathira ujuzi ulipitia njia nyingine. Waskoti walikuwa wamejenga misheni Tumutumu, na Agano Jipya la Kigikuyu lilipotoka mwaka 1926 lilichapwa ng'ambo. Lakini Tumutumu ndiko alikozaliwa, mwaka 1921, Gakaara wa Wanjau, ambaye hakutaka kusubiri ng'ambo. Baada ya Vita vya Pili alianza kuandika na kutoa vijitabu kwa Kigikuyu, na baadaye akawa na matbaa yake Karatina. Vilikuwa vijitabu vyembamba, vya bei ambayo mchuuzi wa sokoni angeweza kuilipa.

Kijitabu chembamba ni fungu moja tu. Pini mbili za waya kwenye mkunjo zinatosha, na kinalala wazi kuliko kitabu kikubwa chochote. Adui yake ni kutu, maana waya hula karatasi polepole mpaka ukurasa wa kati unadondoka. Uzi ungeweza kufanya kazi hiyohiyo kwa matundu matatu na fundo moja, na usingeshika kutu kamwe. Natamani wachapaji wetu wote wa vijitabu wangelijua hilo.

Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa, Gakaara alikamatwa na akakaa kizuizini miaka mingi. Sehemu ya miaka hiyo aliipitisha kisiwani Manda, katika visiwa vya Lamu. Nikiwaza hilo huingiwa na uchungu, kwa sababu si mbali na hapo, kisiwani Pate, uko mji wa Siyu, ambao katika karne za 18 na 19 ulisifika kwa wanakili wa misahafu na mafundi wake wa ngozi. Mwandishi wa Nyeri aliwekwa kizuizini jirani na mji ulioyaheshimu maandishi kiasi hicho. Huko kizuizini aliandika shajara kwa siri. Ilitolewa kwa Kigikuyu mwaka 1983, Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika. Alifariki 2001.

Nimeitaja Siyu, na sipendi wasomaji wadhani kwamba ujalidi ulitufikia kutoka Turin peke yake. Jirani zetu wa Ethiopia wamefunga vitabu vya ngozi kati ya mbao mbili kwa karne nyingi, kwa mshono wa mnyororo na bila gundi mgongoni, na vitabu hivyo hufunguka kama mlango. Wakristo wa kale wa Misri walifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kitabu kinacholala ni anasa ya matajiri wa Ulaya, namjibu kwamba Afrika ilikuwa nacho kabla Ulaya haijawa na mashine ya kuchapa.

Ni nini basi kilichotokea? Gundi ya joto. Katika nusu ya pili ya karne iliyopita viwanda vilipata njia ya kuukata mkunjo wote kwa kisu, kuukwaruza mgongo, kuupaka plastiki iliyoyeyushwa na kulibandika jalada papo hapo. Mafungu yametoweka, na kila karatasi sasa inashikwa kwa ukingo wake tu. Ni haraka, ni rahisi, na kitabu kikiwa kipya kinapendeza. Lakini plastiki hiyo hukakamaa kadiri miaka inavyopita, na baridi huizidishia ukakamavu. Mtoto wa Gakindu hukifungua asubuhi ya Julai, anakikandamiza kwa kiganja ili aweze kunakili zoezi, mgongo unalia, na kutoka siku hiyo kurasa zinatoka mojamoja.

Tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na kitabu chake. Ni hatua kubwa na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kitabu kinachopaswa kurithiwa na darasa la mwakani na la mwaka unaofuata hakiwezi kupimwa kwa maandishi yake peke yake. Nimeona shuleni marundo ya kurasa zilizofungwa kwa raba, sura ya tatu ikiwa imepotea, na mwalimu akisoma kwa sauti kwa sababu wanafunzi nusu hawana ukurasa huo. Mnunuzi wa vitabu vya umma angeweza kuandika sharti moja tu: mafungu yashonwe. Gharama hupanda kidogo mwaka wa kwanza, kisha hushuka kila mwaka kitabu kinapoendelea kutumika.

Gundi si adui wa kila mahali, na haki itendeke. Emil Lumbeck wa Ujerumani, katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba karatasi zisizo na mkunjo zikipepewa upande huu na kupakwa gundi baridi, kisha zikapepewa upande wa pili, gundi huingia kidogo kati ya karatasi na karatasi na mgongo hubaki laini. Njia hiyo inafaa sana kwa wenye maduka ya fotokopi sokoni, ambako leo ndiko watu wetu hupeleka vitabu vya kutengenezwa. Hukuta huko waya wa spairo. Spairo hulala vizuri, lakini matundu yake huraruka na waya hupinda mfukoni. Jiliwa la seremala, mbao mbili, brashi na gundi nyeupe ya mbao vinatosha kuanza kazi ya Lumbeck, na hakuna umeme unaohitajika. Kwa tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu vya Karatina na Dedan Kimathi ningependa zaidi ya hapo: kazi ya miaka minne ya mtu inastahili uzi.

Anayetaka kuokoa kitabu cha zamani cha familia, Biblia au kitabu cha nyimbo, asikimbilie selotepu. Selotepu hugeuka njano, gamu yake huingia kwenye karatasi na haitoki tena. Gundi ya unga wa ngano iliyopikwa hadi ikawa nzito ni salama zaidi, na karatasi nyembamba ngumu iliyopakwa gundi hiyo huunganisha mkunjo uliokatika. Kisha kishonwe upya kupitia matundu yake ya zamani. Kitabu kilichoshonwa kinaweza kufumuliwa na kushonwa mara nyingi.

Vyuo vya ufundi vya kaunti yetu vinafundisha ushonaji wa nguo, useremala na uashi. Naviomba viongeze ujalidi: sindano, uzi wa kitani, nta na meza vinagharimu kidogo kuliko cherehani moja, na kazi haitakosekana maadamu kuna shule, makanisa na vyama vya ushirika. Nawe mzazi, kabla hujanunua kitabu, kitazame kwenye ncha ya juu ya mgongo. Ukiona mafungu yaliyopinda na uzi katikati yake, lipa. Ukiona kurasa bapa zilizozama kwenye gundi, muulize mwenye duka kama ana kilichoshonwa, na usichoke kuuliza.