Nani aliwafundisha Wakenya eCitizen?

Ukimwuliza Mkenya yeyote wa tasnia hii historia ya serikali yetu mtandaoni, ataanza na kebo ya baharini. Haya, tuanze hapo, ila tusikae sana.

Mwaka 2004 serikali ilitoa mkakati wake wa kwanza wa huduma kwa njia ya mtandao, na ikaunda kurugenzi ya kazi hiyo chini ya Ofisi ya Rais. Wakati huo intaneti yetu ya nje ilipitia setilaiti: polepole, na ghali kupindukia. Mradi wa kebo wa EASSy ulikuwa umekwama kwenye mikutano ya nchi nyingi. Kenya ikachoka kungoja, ikaungana na Etisalat ya Falme za Kiarabu na kampuni za hapa nyumbani, wakavuta kebo ya TEAMS kutoka Fujairah. Ikafika Mombasa Juni 2009. SEACOM ikawashwa Julai mwaka huo huo, na EASSy yenyewe ikaja 2010. Dkt. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa wizara, anastahili sifa zake hapo.

Sasa kebo imefika. Nani atamwonyesha mama wa Kitui pa kubonyeza?

Jibu la serikali lilikuwa vituo vya Pasha. Bodi ya ICT, iliyoundwa 2007, ilisimamia mpango wa mikopo kwa wajasiriamali wafungue vituo vya kompyuta mashinani. Wazo zuri, lakini vingi havikudumu. Nadhani kosa lilikuwa la ratiba: huduma za serikali za kufanyia mtandaoni zilikuwa bado chache. Duka lilifunguliwa kabla ya bidhaa kuletwa.

Bidhaa zikaja baadaye, tena kwa kishindo. eCitizen ilianza 2014. Mwaka 2015 ritani za KRA zikawa lazima zipitie iTax. Mwalimu wa shule ya msingi, mwendesha boda, mwanafunzi wa HELB, wote wakaambiwa waingie mtandaoni. Huduma Centre zilikuwapo tangu 2013, lakini wengi walienda saiba ya karibu.

Hapo ndipo historia rasmi hunyamaza. Mkakati wa ujuzi wa kidijitali nchini uliendeshwa na kijana wa saiba mwenye kompyuta nne, printa na ubao nje: KRA, HELB, leseni, pasipoti, cheti cha tabia njema. Yeye ndiye anayekufungulia akaunti, anayebuni nenosiri lako, na mara nyingine analiandika kwenye daftari lake ili ukirudi mwaka ujao umkute nalo. Msimbo ukitumwa kwa simu yako, unamsomea kwa sauti mbele ya foleni nzima. Kwa seva, yeye hayupo. Kumbukumbu zinaonyesha ni wewe uliyeingia, wewe uliyejaza, wewe uliyedanganya kama kuna uongo.

Linganisha na M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Safaricom pia walijua watu watahitaji msaidizi. Wao wakamweka ndani ya mfumo: wakala ana namba yake, anasajiliwa, analipwa kamisheni, na kila muamala una jina lake. Ukitoa pesa, PIN unabonyeza mwenyewe kwenye simu yako. Wakala hahitaji kuijua, na tangu siku ya kwanza tuliambiwa tusimpe. Huo ni uamuzi wa programu, ndugu zangu, si wa tabia njema. Watu ni wale wale, mitaa ni ile ile.

Sasa tuna Mpango Mkuu wa Kidijitali wa 2022 hadi 2032. Una nguzo nne: miundombinu, huduma za serikali, ujuzi, na ubunifu na biashara. Kebo tena ina tarakimu nono, kilomita 100,000 za nyuzi. Kwenye nguzo ya huduma mimi ningeongeza jedwali moja tu kwenye hifadhidata: wasaidizi. Mhudumu wa saiba aingie kwa akaunti yake, ajaze fomu ya mteja kama rasimu, mteja apokee ujumbe na kuidhinisha kwa PIN yake mwenyewe, hata kwa simu ya kitufe kupitia USSD. Teknolojia hiyo tumekuwa nayo tangu enzi za mulika mwizi.