Agosti 4 ya Kaya Fungo

Kalenda ya kibanda changu cha chai, hapa karibu na mizani ya Mariakani, nimeizungushia wino Agosti 4. Madereva wa malori wanaosubiri kupimwa huniuliza kuna nini. Redio huwa imeshasema asubuhi, kwenye kipindi cha siku kama ya leo: mwaka wa 1914 Uingereza iliitangazia Ujerumani vita. Ni kweli. Lakini siku hiyohiyo, huku kwetu Kaloleni, serikali ya kikoloni iliilipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni. Miti ikaanguka, nyumba zikachomwa moto. Hilo redio haisemi, na linaniuma.

Kisa cha Mekatilili wa Menza, kiongozi wa Wagiriama, na kuku wake mbele ya Bwana Champion, afisa wa serikali hiyo, kila mtoto wa shule anakijua. Mimi nataka watu wavijue viapo vilivyoliwa Kaya Fungo kabla haijalipuliwa. Kufikia mwaka wa 1913 Wagiriama wengi walikuwa wameshahama kaya zamani, wakitafuta mashamba kaskazini hadi ng'ambo ya mto Sabaki. Serikali ilitaka kodi ya vibanda, na ilitaka vijana wakafanye kazi za Wazungu. Mekatilili, mama mjane, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawarudisha watu Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi: hakuna kodi, hakuna kibarua, hakuna kumtii mzee aliyewekwa na serikali. Na kiapo cha fisi si cha mchezo. Anayekivunja hungoja mauti. Wazee wa serikali wakabaki wanaita, hakuna anayeitika.

Mama na Wanje walikamatwa Oktoba 1913, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Hebu fikiria njia hiyo, na umri wake!

Wakuu wa serikali wakaona chanzo cha ukaidi ni kaya yenyewe, basi waiondoe. Walikosea sana. Ile vita ya redio ilipoanza, walitaka vijana hao hao wawe wapagazi wa jeshi. Vijana wakakataa, na kabla Agosti haijaisha Wagiriama walikuwa wakipigana. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni, wakaletwa, vijiji vikachomwa, mbuzi wakachukuliwa. Mekatilili akakamatwa tena.

Msitu ulichipua tena. Mwaka wa 2008 UNESCO iliiandikisha Kaya Fungo pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia, na wazee wangali wanaitunza. Malindi humfanyia Mama sherehe kila Agosti, nami nafurahi. Ila baruti ililipuka huku. Mwaka ujao kituo cha redio kitume mtu Kayafungo mapema, awaombe wazee ruhusa, awarekodi kwa sauti zao, kisha asubuhi ya Agosti 4 wasikike wao kwanza, London baadaye.